Nani Alilala Hapa?

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wapangaji, wenye ploti na wazee wa mitaa, Nakuru

Bwana Mwenyekiti, machifu na manaibu wenu, wazee wa nyumba kumi, wenye ploti, wapangaji wenzangu, akina mama na vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu majanga ya asili na misaada ya serikali, na nizungumze nikiwa mtu wa kuja. Wengi wenu sokoni mnaniita Mama Kongo, jina ambalo sikulichagua ila sijalikataa, kwa kuwa ni kweli nilizaliwa Goma, pale mpakani mwa Kongo na Rwanda, nikaingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2012 baada ya mji wetu kutekwa na waasi, na tangu hapo nimekuwa nikiuza vitenge Naivasha na hapa Nakuru. Kiswahili changu kikiteleza mnisamehe. Cha Goma kina mapigo yake, na miaka hii yote ya kubishana bei nanyi imekinyoosha kiasi tu.

Sikuja kupimanisha serikali na serikali. Mgeni anayefanya hivyo mbele ya wenyeji wake hutafuta makofi au hutafuta ugomvi, nami natafuta kitu kidogo kuliko hivyo: nataka tuzungumze juu ya karatasi. Nimeishi ndani ya majanga mawili na mengine nimeyafuata kwa simu, na kila mara, moto ukishapoa au maji yakishatulia, hutokea mtu mwenye meza, kalamu na karatasi iliyopigwa mistari, akaanza kuandika majina. Aliyeandikwa hupata unga, blanketi na mahali pa kuulizia. Asiyeandikwa hubaki na kisa cha kusimulia, na kisa hakijazi sufuria.

Nianzie kwetu. Mlima Nyiragongo una urefu wa karibu mita 3,470, na Goma iko chini yake kwa umbali usiofika kilomita 20, kama vile Nakuru ilivyo chini ya Menengai, isipokuwa Menengai imelala na nyinyi mnachimba mvuke wake kutafuta umeme, ilhali wa kwetu haujawahi kulala usingizi wa kweli. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa mlima ulipasuka, uji wa moto ukateremka, ukafunika sehemu ya njia ya ndege, ukapita katikati ya mji na kuishia Ziwa Kivu. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao. Mimi nilikuwa na miaka 16. Bibi yangu, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu, tulimlaza juu ya chukudu, yaani ule mkokoteni wa mbao wenye magurudumu mawili tunaobebea viazi na mkaa, tukamsukuma hadi ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, pamoja na mamia ya maelfu ya watu waliokuwa wakifanya vivyo hivyo.

Hapo Gisenyi ndipo nilipoiona meza ya kwanza. Na kwa kuwa nitawalaumu wengine baadaye kidogo, ni haki nianze na nyumba yetu: mama yangu alijiandikisha mara mbili. Mara ya kwanza alitoa jina lake la ubatizo, na mara ya pili, kwenye meza nyingine, jina la baba yake, akiwa amejifunga kitambaa kingine kichwani. Alipata unga wa mahindi mara mbili. Tulikuwa watu saba na alikuwa amepiga hesabu yake. Sijasema kwamba alifanya vyema. Nasema tu kwamba ninajua jinsi orodha inavyodanganywa, kwa kuwa nilikula matunda yake.

Walitaka kutupeleka kwenye kambi zilizotayarishwa ndani zaidi ya Rwanda, tukakataa. Baada ya siku chache watu walianza kurudi Goma kwa miguu wakipita juu ya ule ukoko mweusi ambao chini yake bado kulikuwa na joto, malapa yakilainika nyayoni mpaka ukiinua mguu unasikia yanavutwa. Watu wa misaada walitushangaa. Lakini sisi tulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwaka 1994 tuliziona kambi kwa macho yetu, wakati wakimbizi wa Rwanda walipojazana pande zetu na kipindupindu kikawazoa kwa maelfu, na aliyeona hayo haingii kambini kwa kuambiwa tu kuna maji. Ya pili ni ya karatasi. Wengi wetu hatukuwa na hati ya kiwanja. Mpaka wa kiwanja chako ulikuwa kichwani mwa jirani, na jirani naye alikuwa amekimbia. Daftari la mtaa wetu liliungua pamoja na nyumba ya mkuu wa mtaa. Kwa hiyo uthibitisho uliobaki ulikuwa ni kwenda kusimama juu ya jiwe lako, lingali moto, kabla mwingine hajasimama hapo.

Mara ya pili mlima ulipomwaga moto, Jumamosi jioni tarehe 22 Mei 2021, mimi nilikuwa huku. Mama alikuwa kule. Moto ulisimama karibu kabisa na mji, tukamshukuru Mungu, kisha kwa siku kadhaa ardhi ikawa inatetemeka, na alfajiri ya tarehe 27 ikatangazwa kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame. Watu wapatao 400,000 waliondoka, wengine Rwanda, wengine kwa mashua kuelekea Bukavu, na mama akaelekea Sake, kilomita 25 hivi kando ya ziwa, akalala kanisani sakafuni. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Nilimpigia mama usiku wa tatu nikamuuliza kama wamekula, akanijibu jambo jingine kabisa: "Hatujaandikwa." Nilielewa. Aliyekuwa na ndugu Sake alikula kwa ndugu, na asiye na ndugu alisubiri meza ifike. Ruhusa ya kurudi ilianza kutolewa tarehe 7 Juni, na alirudi bila kuwa ameandikwa mahali popote.

Nilipohamia Kenya niliamini kwamba nimeiacha hiyo meza nyuma. Hapa kuna chifu, kuna naibu wa chifu, kuna kamishna na gavana, na Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeitaja kazi ya kukabiliana na majanga mara mbili, kwa serikali ya taifa na kwa kaunti. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo serikali ilikuwa upande wa pili wa mstari wa vita, kuwa na serikali mbili ni utajiri. Nilichokuja kujifunza baadaye ni kwamba kazi ikiandikwa mara mbili, kila mmoja anaweza kudhani mwenzake ameshaianza.

Sasa niwapeleke Kihoto. Wenyeji wa Naivasha hapa wanaijua: mtaa wa vyumba vya kukodi uliojengwa chini, karibu na ziwa, na wakazi wake wengi ni wafanyakazi wa mashamba ya maua waliotoka Vihiga, Mumias, Siaya, Kisii na kwingineko. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka. Mito ya Malewa na Gilgil huingiza maji kutoka nyanda za juu, na mvua ikizidi huko milimani kwa miaka kadhaa mfululizo, ziwa halina la kufanya ila kupanda. Nilipanga chumba huko kwa sababu wateja wangu walikuwa hapo hapo. Mwaka 2020 ziwa lilitufuata, na lilitufuata wakati mbaya, kwa kuwa korona ilikuwa imeziba soko la maua Ulaya na majirani zangu wengi walikuwa wamerudishwa nyumbani bila mshahara.

Mafuriko ya ziwa hayaji kwa kishindo kama ya mto. Aliyetuletea habari ni choo. Asubuhi moja mama wa chumba cha nne alirudi kutoka chooni akasema shimo limejaa hadi juu, na hakuna aliyelijaza. Siku ya pili maji yalipenya pale sakafu ya saruji inapokutana na ukuta, masafi, baridi, kama jasho la chupa, na watoto wakafurahi. Siku ya tatu yalinuka. Niliinua marobota ya vitenge kitandani, kisha nikainua kitanda juu ya mawe, lakini robota moja la chini lilikuwa limeshanywa maji, na vile vya bei ya chini, ambavyo siku zote nawaambia wateja kwamba havitoi rangi, vilitoa rangi. Nyekundu iliingia kwenye nyeupe. Naomba radhi kwa walionunua kabla ya hapo.

Watu wa mahali huwa na alama zao kabla ofisi haijawa na fomu. Kwetu Goma kuna mabonde madogo ambamo hewa nzito inayotoka ardhini hujikusanya, na mtoto au mbuzi akishuka humo hafufuki. Tunaiita mazuku, na wanasayansi walipokuja kuichunguza hawakupata neno bora, wakalichukua letu na kuliandika katika vitabu vyao. Kihoto alama ilikuwa choo. Kama pangekuwa na mtu wa kumpelekea habari siku ile ya kwanza, na kama mtu huyo angekuwa na daftari linalosema vyumba ni vingapi na nani yumo, tungekuwa na siku moja kavu ya kupanga. Hatukuwa naye. Meza ilikuja wiki iliyofuata.

Iliwekwa chini ya mti kando ya ua wa shule. Sitaitaja ofisi iliyoileta, kwa kuwa nilichokiona pale nimekiona kwa wengine pia. Mbele yangu alisimama kijana wa Mumias, suruali imekunjwa hadi magotini, ukoko wa matope umekauka miguuni. Karani akamuuliza, "Kwenu ni wapi?" Akajibu, "Mumias." Karani akasema, "Basi huko ndiko utakakoandikwa." Yule kijana akafikiri kidogo, akasema kwa upole, "Lakini Mumias hakujafurika." Foleni nzima ilicheka. Yeye hakucheka, na baada ya muda na sisi tukanyamaza.

Ilipofika zamu yangu, karani alikigeuza kitambulisho changu cha mgeni mbele na nyuma, akasogeza kalamu kwenye safu ya namba, akahesabu visanduku, akaona hesabu haikubali. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa na jua utosini, watu mia kadhaa mbele yake na fomu aliyopewa na mtu aliyekaa mahali pakavu. Mwishowe aliigeuza karatasi na kuniandika upande wa nyuma, kwa penseli, chini ya neno "wengine." Sijapata kusikia habari za upande ule wa nyuma tena.

Lakini jambo lililonikalia moyoni zaidi ni neno lililokuwa juu ya safu ya kwanza. Fomu iliandikwa "Mwenye nyumba." Nadhani aliyeitunga alikusudia mkuu wa kaya, baba au mama wa nyumbani. Karani aliisoma kama sisi sote tunavyolisoma neno hilo: mwenye kumiliki, anayepokea kodi. Ploti yetu ilikuwa na vyumba 10, kaya 10, na katika fomu ikapata mstari mmoja, wenye jina la mtu ambaye hakulala hapo hata usiku mmoja na ambaye nyumba yake ilikuwa kavu. Msaada ulipogawanywa, ploti yetu ilihesabiwa mpokeaji mmoja: robota moja la unga na blanketi mbili. Nimtendee haki yule mzee, unga alituletea wote. Blanketi hatukuziona.

Ndugu zangu, naomba mtazame nani waliokuwa kwenye foleni ile. Mimi nilikuwa mgeni wa kuvuka mpaka. Kijana wa Mumias ni raia, baba yake raia, babu yake raia, na bado aliambiwa arudi kwao. Mbele ya ile meza tulikuwa sawa. Tangu siku ile nimeacha kufikiri kwamba shida ya mgeni katika janga ni shida ya uraia. Kila mpangaji ni mtu wa kuja, na orodha zetu zimetungwa kana kwamba kila mtu amelala usiku ule kwenye shamba la babu yake. Mpangaji wa Nakuru mjini, mpangaji wa mtaa wa Manyatta kule Kisumu, au mtu aliyehamia Budalangi kando ya mto Nzoia kulima mpunga, wote wana kitambulisho kinachotaja mahali fulani na kitanda kilicho mahali pengine.

Na si unga peke yake unaopotelea hapo. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, pale Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiwa na takataka chini ya tuta la reli yalipasua njia na kuteremka juu ya nyumba za watu waliolala, na zaidi ya watu 50 wakafa. Miaka sita kabla yake, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Solai lilikuwa limefanya hivyo hivyo katika kaunti hii hii. Mai Mahiu ni mji wa barabarani: kuna madereva wa malori, makondakta, vibarua, wanaofika jioni na kuondoka alfajiri. Anayechimba matope kutafuta watu anahitaji kujua jambo moja kabla ya mengine yote, yaani chumba hiki kilikuwa na watu wangapi. Hajali kwao ni wapi. Mwenye shamba la asili atatafutwa na ukoo mzima. Lakini yule aliyekodi chumba wiki iliyopita, nani atasema alikuwamo?

Mnaweza kuniuliza kama serikali inaweza kweli kuwaandika watu kwa mahali walipolala. Inaweza, na imekwisha kufanya. Mwezi Agosti mwaka 2019, miezi michache tu kabla ya ziwa kutufikia, karani wa sensa alibisha mlango wangu Kihoto akiwa na tableti yake. Swali lake lilikuwa: nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 25? Nikamjibu, mimi na binti yangu. Aliuliza pia nilikozaliwa na taifa langu, akaandika, na hakuna jibu hata moja lililonitoa kwenye hesabu. Waliolala hotelini walihesabiwa, waliolala njiani walihesabiwa, waliolala kwenye baraza za maduka walihesabiwa. Kenya ilipata watu milioni 47.6, Nakuru zaidi ya milioni 2.1, na nina fahari kwamba wawili kati yao ni wa chumba changu. Nisieleweke vibaya: majibu ya sensa ni siri kwa sheria, na sisemi yageuzwe kuwa orodha ya unga. Ninachokiazima ni lile swali.

Wala kuandika watu kabla ya janga si jambo geni. Kaskazini, katika kaunti za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, kuna mpango wa serikali wa kukinga watu na njaa ambao uliandikisha kaya mapema na kuzifungulia akaunti za benki, na setilaiti zikionyesha kwamba malisho yamekauka kupita kiasi, fedha hutumwa hata kwa kaya ambazo kwa kawaida hazipokei. Hakuna meza chini ya mti. Orodha ilishafanywa mvua ikinyesha. Kwa nini mfugaji wa Wajir aandikwe kabla ya ukame na mpangaji wa Kihoto aandikwe baada ya mafuriko, ilhali ziwa hupanda polepole na kila mtu anajua ni vyumba gani litakavyovifikia kwanza? Mwaka 2025 lilirudi pale pale.

Baada ya Mai Mahiu serikali iliwaamuru walio karibu na mabwawa na kingo za mito wahame, la sivyo wahamishwe kwa nguvu, na huko Nairobi Rais akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoondolewa kando ya mito. Sina neno na fedha. Kwa mpangaji ni bora kuliko unga, maana mwenye ploti mpya hapokei unga kuwa kodi. Lakini familia ni nani? Wale ndugu watatu wa chumba kimoja ni familia moja au tatu? Mjakazi anayelala jikoni yumo? Swali hilo likiulizwa siku ya kugawa, hujibiwa na mwenye sauti kubwa.

Nimesikia hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Wazee wetu hapa wataniambia kwamba ukifungua orodha kwa kila aliyelala, kesho yake kijiji kizima kitakuwa kimelala hapo, na wengine watakuwa na majina mawili kama mama yangu. Ni kweli. Ndiyo maana nasema orodha iandikwe kiangazi, wakati hakuna kitu mezani cha kugombaniwa, na isomwe kwa sauti barazani mbele ya majirani. Jirani anajua nani analala chumba cha pili. Mama aliweza kudanganya kwa sababu kwenye ile meza ya Gisenyi hakukuwa na jirani yetu hata mmoja. Mbele ya watu wa mtaa wetu asingethubutu, si kwa uchaji Mungu, bali kwa kuwa Mama Furaha wa nyumba ya pili alikuwa na mdomo.

Hoja nyingine haisemwi hadharani, nami nitaisema kwa niaba ya wenzangu. Mgeni huiogopa karatasi. Mwaka 2014 wakimbizi wa mijini walipoamriwa waende kambini, nilijifunza kuzima taa mapema na kumfundisha binti yangu kutoitikia hodi. Tangu hapo mambo yamebadilika: ipo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, na Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo siku hizi mnaweza hata kuniita jirani wa kisheria. Lakini hofu haiondolewi na gazeti la serikali. Mkiwaambia watu kwamba mnaandika kwa ajili ya mafuriko, kisha daftari hilo hilo likaonekana mkononi mwa anayekagua vibali, hamtapata jina la kweli la mtu wa kuja kwa miaka 20. Kwa hiyo daftari la janga likae kwa mzee wa nyumba kumi na kwa naibu wa chifu, litumike kwa janga, basi. Ibara ya 43 ya Katiba inaposema juu ya haki ya kutokuwa na njaa na ya kuwa na makao, inasema kila mtu. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta neno raia hapo, sikulipata.

Sitaki kusubiri fomu mpya itoke Nairobi. Katika ploti ninayokaa sasa, hapa Nakuru, tuna vyumba 14, na tangu mwaka jana nimekuwa nikiandika daftari kila tarehe tano, siku ambayo mwenye ploti anapita kuchukua kodi na kila mtu yupo, anayelipa na anayeomba asubiriwe. Naandika chumba, majina ya waliolala humo usiku uliotangulia, watoto ni wangapi, nani hawezi kutembea bila kushikwa, simu ya kila mmoja, na simu ya mtu mmoja wa kwao atakayepigiwa. Safu ya "kwenu ni wapi" ipo, lakini nimeiweka ya mwisho. Juu ya safu ya kwanza nimeandika "Analala hapa," nisije nikarudia kosa la yule mtunga fomu. Nakala moja iko kwangu na nyingine iko kwa mzee wetu wa nyumba kumi, ambaye nyumba yake iko juu mlimani. Tuna bibi mmoja chumba cha sita asiyeweza kushuka ngazi, na tumekubaliana ni vijana gani wawili watakaombeba. Chukudu hatuna, kwa hiyo tumeweka mkokoteni wa maji tayari.

Daftari lenyewe ninalo hapa. Chumba cha tisa kina majina mawili kwenye mstari mmoja, kwa kuwa vijana wa humo hukodi kitanda kimoja, mmoja ana zamu ya usiku na mwenzake ya mchana, na mwenye ploti anamjua mmoja tu. Atakayetaka kulitazama kabla ya kuondoka, nitakuwa pale mlangoni.